Kilio ya Muntu Muzima

Élisabethville, tarehe 11 mwezi wa tano 1954

Kwa bibi yangu Laurentine, mugini kwa chef Mumba, pembeni ya Lukafu,

Mukono inayoandika iko na mafuta ya mutuka, usikasirike ukiona alama ku karatasi. Niko muzima, kazi iko. Mudogo yangu Liévin alipita hapa na mizigo ya muhindi, ya kuuza ku soko, akaniambia wewe na mama muko bazima.

Sasa sikia. Unakumbuka siku mulimaliza kilio ya muzee wetu, nkambo Mwansa? Nilikuwa ninamupeleka patron yangu, Bwana Godefroid, kuangalia maji ya Lofoi namna inaanguka. Tukipita mugini kwetu aliniambia: «Anaclet, simama.» Nikasimama. Aliangalia bamama na pemba, ule udongo nyeupe, ku uso, akaangalia batani banaigiza nkambo namna alikuwa anatembea na fimbo yake, bantu banalia na banacheka pamoja. Alitoa kofia, akasahau kuivaa tena. Njia yote aliishika ku magoti. Kufika huku akasema: «Ile njo kintu bageni bangu batapenda. Maji inayoanguka iko hata kwetu Ulaya.»

Anataka kubaleta ku dimanche, siku ya misa: moja banakuja, moja banaacha, mpaka mvua. Na mimi njo nitakuwa shofere mukubwa. Alisema mbele ya bote: hizi safari zikienda muzuri, ataniombea nyumba ya bantu benye kuoa, kule Katuba, na simenti chini. Laurentine, tangu tulioana mimi ninalala huku na bashofere bengine mu chumba moja, wewe kule na mama yangu. Ukiwa hapa nitalala kama muntu. Na mama atakuja, tutamutengenezea jiko inje.

Ongea na chef Mumba. Hatuombi kintu kikubwa. Ngoma ya kumaliza kilio tu.

Bwana yako,
Anaclet


Mugini kwa chef Mumba, tarehe 23 mwezi wa tano 1954

Kwa bwana yangu wa mafuta,

Barua yako niliisoma kwa sauti, mama akasikia. Kufika pa jiko inje alicheka, akasema moshi ya Katuba nayo itamutoa machozi. Mimi nisikufiche, nilifurahi sana. Nilishaanza kuchagua sahani gani nitabeba.

Chef Mumba aliita bakubwa. Juu ya bazungu kuja, hakuna mwenye alikatala. Daraja ya mutoni imevunjika, muhogo yetu inaenda Lukafu ku kichwa ya bamama, na unajua bazungu habapite njia bila kuitengeneza mbele. Chef alisema, «Bakuje hata kesho.» Maneno ilianza wakati nilisema ni ngoma gani banataka.

Ya mavuno, ndiyo. Ya mapasa na matusi yake yote, ndiyo, bazungu habasikie. Lakini ya kumaliza kilio? Muzee mwenye kupiga ngoma kubwa aliniuliza: «Tunamaliza kilio ya nani?» Nkambo Mwansa alishalala. Ukimuita tena ataamka, atauliza munamutakia nini. Na bila jina hakuna ngoma, juu mupiga ngoma anaita jina na bamama banaitika. Nikasema, tuite jina ya bure, ya muntu mwenye hajazaliwa. Mama yako alinitazama sawa mutoto mwenye anakojoa mu maji ya kunywa. Akasema jina ya bure itatafuta muntu wa kuivaa.

Basi bamenituma nikuulize wewe mwenye kuleta hii maneno: tulie nani? Hapa kila muntu nilimuangalia, aliangalia chini.

Laurentine


Élisabethville, tarehe 2 mwezi wa sita 1954

Laurentine,

Ninaandika mbio, mutuka inaningoja.

Munitie mimi. Muite jina yangu. Mimi ni mukristu, nilibatizwa, jina siyo roho. Na tena siko pale, shofere mwengine njo atabaleta, hamutaona haya. Bazee ba mugini banatafuta matata pahali haiko. Wambie Anaclet mwenyewe amekubali, na kama kuna dhambi iko ku kichwa yangu.

Bageni ba kwanza banakuja dimanche ya tatu ya huu mwezi. Mupake pemba mingi, Bwana Godefroid anapenda ile.

Anaclet


Mugini kwa chef Mumba, tarehe 21 mwezi wa sita 1954

Kwa marehemu bwana yangu,

Usishituke, ninacheka. Lakini si kucheka yote.

Ulililiwa muzuri. Nilikaa ku mukeka na nguo ku kichwa, kama mujane mwenye adabu. Mupiga ngoma akaita «Anaclet», bamama bakaitika, «Ametuacha.» Kisha mutani wako Symphorien akatoka nyuma ya nyumba. Amevaa kofia ya shofere, mukononi iko na sahani ya chuma, anaizungusha kama usukani, anapiga honi kwa mudomo. Akasimamisha mutuka yake mbele ya kuku ya mama, akauliza ile kuku kama iko na karatasi ya kutembea. Akatema mate pembeni namna unafanya wewe. Chini ya nguo nilicheka mpaka tumbo ikauma, bazungu bakafikiri ninalia, mama moja muzungu akanipatia kitambaa yake ya kupangusa machozi. Iko na maua ku pembe, nimeiweka.

Chef iko na furaha. Daraja inatengenezwa, bananunua hata vyungu vidogo vya bamama.

Kintu moja. Mama alilia kweli. Bengine balipaka mate ku macho, yeye hapana. Tulipomaliza, bageni bameshaenda, yeye iko anaendelea polepole ndani ya nyumba. Nikamuambia, mama, Anaclet iko Élisabethville, anakula bukari yake ya unga. Akasema, ninajua, lakini machozi haijui.

Nilitaka pia kukuambia juu ya sahani yako, ile ya bluu. Nitakuambia siku ingine.

Laurentine


Élisabethville, tarehe 20 mwezi wa saba 1954

Bibi yangu,

Uliniona. Ninajua uliniona, nguo ile iko na matundu.

Shofere mwenye alibaleta mara ya kwanza aligonjwa, nikabaleta mimi. Nilifikiri mutafurahi. Nilishuka ku mutuka nikamupa mama mukono, akaangalia gurudumu. Nikamuambia, mama, ni mimi. Akapita. Chef Mumba mwenyewe, mwenye nililetea tumbako, aliweka macho juu ya miti. Batoto bakakimbia. Symphorien akaniigiza mbele ya uso yangu na hakuna muntu alinigeukia, hata moja. Nilikaa ku usukani nikasikia namna banaita jina yangu na namna munaitika.

Muzungu moja aliniuliza: «Ni nani alikufa?» Nikajibu, mujomba.

Na njaa ilinipata. Hakuna mwenye aliniletea hata maji. Ku nyumba ya mama nilizunguka nyuma, nikakuta bukari na majani ya muhogo chini, mu sahani yangu ya bluu, imewekwa pale kama chakula ya mbwa. Ni heshima gani hii? Nilirudi Élisabethville na tumbo mutupu na ninaendesha bantu benye banaimba.

Niandikie kosa yangu ni gani.

Anaclet


Mugini kwa chef Mumba, tarehe 2 mwezi wa nane 1954

Anaclet,

Nilikuona. Mukono yangu ilitaka kutoka chini ya nguo, mama yako aliikamata.

Ngoma ikiita jina ya muntu, ule muntu hasalimiwe. Ukimusalimia unamufunga katikati, haende, harudi. Wewe ulikulia hapa, hii unaijua, ni Élisabethville inakusahaulisha. Na ile bukari haikuwa ya mbwa. Ilikuwa yako. Mama alikupikia tangu asubuhi, juu alisikia wewe njo utaendesha. Chakula ya mwenye analiliwa inawekwa nyuma ya nyumba, siyo mbele. Aliingoja ikaliwe. Ukaiacha. Jioni alikuta sahani imejaa na akasema: «Hata kula hakuli tena.»

Sasa nikuambie ile nilificha. Siku ya kwanza ya ngoma, mama aliondoa sahani yako katikati ya zetu, akaipanga na ya marehemu baba yako. Ananiambia «marehemu Anaclet alikuwa anapenda hii», «marehemu alipanda huu muti». Ninamurudisha, anasema ndiyo, ndiyo, mutoto wangu, nimesahau. Kesho anasema tena. Hagonjwi. Masikio yake imezoea, basi.

Mwambie Bwana Godefroid abadilishe ngoma. Kisha ukuje kwa muguu, siku haina bageni, tukukamate mukono mbele ya bote. Sasa ingali rahisi.

Na mama alisema nikuandikie: mwenye hasikie la mukubwa anavunjika muguu. Hiyo aliisema akikutaja kama muntu muzima, njo maana niliiandika na furaha.

Laurentine


Élisabethville, tarehe 7 mwezi wa kenda 1954

Bibi yangu mupendwa,

Nilimuambia Bwana Godefroid. Alisema ngoma ya mavuno anaiona mugini yote, bageni bananunua nafasi juu ya hii. Kisha akanionyesha karatasi: jina yangu iko ku ofisi ya manyumba, inangoja sahihi moja tu. Ningesema nini? Nikasema, ndiyo bwana.

Zimebaki safari kidogo. Ya mwisho iko mwezi wa kumi, inakuja bakubwa, kisha mvua inafunga njia na yote imeisha. Wewe utapanda ku mutuka yangu ile siku ile, na mama, na vyungu vyenu. Vumilia. Mama akifika huku, akiniona kila siku niko ninaoga na ninakohoa, ataacha kuniita marehemu.

Mimi niko hai, Laurentine. Jana nilikula bukari mpaka nikafungua mukaba.

Anaclet


Kasomeno, tarehe 30 mwezi wa kumi 1954

Kwa Anaclet,

Unaona pahali ninaandikia. Niko kwa baba yangu.

Ile siku ya mwisho wewe ulikuwa umeketi ku mutuka, na bakubwa bako banapiga foto. Bazungu balifikiri ni ngoma ile ile. Haikuwa. Chef Mumba alisema kilio haiachwe wazi mvua ikaikuta, yenye ilifunguliwa lazima ifungwe. Nilimuambia, chef, bwana yangu iko pale, ninaona kiwiko yake ku dirisha. Akaniambia kwa huruma: «Binti, alitupatia jina yake kwa mukono yake, kupitia barua yako. Hatukumuiba.»

Basi bakaifunga. Mama alinyolewa nywele. Liévin alikalishwa ku kiti, akapewa maji, akapewa upinde ya baba yenu, akaitwa jina yako, akaitika. Na mimi bamama balinipeleka mutoni, bakaninawisha, nikawa muntu huru. Baba alikuwa ameletwa tangu Kasomeno na mbuzi yake ya kufunga kilio. Ulipiga honi ya kuniita, Anaclet. Niliisikia mutoni. Nilikuwa mu maji.

Nilimuambia baba, padri alituoza. Akasema: «Sikatale. Padri alikuoza na Anaclet, na Anaclet tumemulilia, mbuzi ilikuwa yangu.»

Kasirika ukitaka. Mimi pia nina kasirani, na sijui niiweke kwa nani. Mu ile kitambaa ya maua nimelia sasa kweli.

Laurentine


Élisabethville, tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1954

Laurentine,

Nyumba nilipewa. Vyumba mbili, simenti, mulango ya bluu. Ninaketi ndani na sauti yangu inanirudilia.

Nilianza kukuandikia barua ya matusi, nikaipasua. Nikaenda mugini mwenyewe, kwa lori ya muhogo, bila bageni. Nilimukuta mama anachambua majani pa mulango. Kichwa yake bila nywele ni ndogo sana, sikujua ni ndogo vile. Nikasema hodi. Akaniangalia na adabu yote yenye tunapatia mugeni, akasema, karibu. Kisha akageuka akaita: «Anaclet, leta kiti.»

Niliitika. Liévin naye aliitika. Tuliitika pamoja, na mama akamutazama yeye.

Alileta kiti. Nikakalia. Liévin aliona haya, akaenda kuniletea maji. Nilikunywa maji nikasema aksanti, nikatoka. Nilikaa pembeni ya ile daraja mupya. Ni ya nguvu, muhogo inapita juu yake bila taabu, na niliifurahia, ninakuambia kweli, na nililia.

Nilisema jina siyo roho. Pengine. Lakini mama yangu haniite na roho, ananiita na jina. Sikuwaza ile.

Unajua hii mambo kunishinda. Nifanye nini?

Sijui niweke sahihi gani.


Kasomeno, tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1954

Kwa mwenye aliniandikia,

Nilienda kumuona chef Mumba. Baba alinisindikiza, ananung'unika njia yote, lakini alinisindikiza.

Chef anasema njia iko. Wakati banajenga reli kule Sakania, muntu moja wa hapa alipotea, balimulilia na balimaliza. Kisha akatokea, muzima, na blanketi mupya. Habakumurudishia jina, juu jina ilikuwa na mwenyewe. Balimuzaa. Mama yake alilala ku mukeka, bamama bakamuzunguka, akatoka chini ya nguo ya mama yake, kichwa imenyolewa. Akalia kama mutoto. Lazima alie, asipolia bamama banamupiga makofi. Akapewa uji kwa kidole, akapewa jina.

Mama yako alisikiliza yote. Akauliza ni mutoto ya nani. Chef akamuambia: «Yako, ukimutaka.» Akasema: «Mimi ni muzee, lakini mukeka ninao.»

Ukuje kwa muguu. Usikuje na mugeni hata moja. Na ujue kama kesho yake utakuwa kijana hana bibi, hana nyumba, hana kazi. Juu ya bibi sina la kusema, baba yangu njo mwenye kusema.

Laurentine


Mugini kwa chef Mumba, tarehe 6 mwezi wa pili 1955

Kwa binti Laurentine wa Kasomeno,

Haunijui. Ninaitwa Bwalya, mutoto wa Mama Kunda, mama ya marehemu Anaclet. Nilizaliwa mwezi uliopita.

Nilipoomba ruhusa, patron yangu aliuliza ni juu ya nini. Nikamuelezea. Macho yake ikawaka, akasema ile itakuwa kubwa kupita yote, tungojee njia ikauke alete bageni. Nilisema hapana. Sikuwahi kumuambia hapana. Niliweka funguo ya mutuka ku meza, na ya nyumba pembeni yake, juu nyumba ni ya Anaclet.

Mukeka ilikuwa na baridi. Bamama balikuwa tayari na makofi yao, lakini haikuhitajika. Nilipotoka chini ya nguo na kuona uso ya mama karibu, nililia mpaka balinihurumia. Alinilisha uji. Kidole yake iko na alama ya kisu tangu zamani, nilikuwa nimeisahau. Akauliza bote: «Mutoto huyu muzuri, mutamuita nani?» Kisha akajibu mwenyewe. Padri anasema ubatizo haibadilike. Mama anasema padri iko na kitabu yake, yeye iko na tumbo yake.

Juma iliyopita Bwana Godefroid alikuja, amepita mu matope yote juu ya kutafuta shofere yake. Nilikuwa shambani, kichwa bila nywele, na jembe. Alinitazama, nafikiri alinijua kidogo. Akauliza: «Anaclet iko wapi?» Nikamuambia, Bwana, Anaclet alikufa. Ulikuwa ku kilio yake. Ulimupiga hata foto mama yake akilia.

Alisimama. Kisha akatoa kofia, polepole, akaishika mukononi mpaka alipofika ku mutuka. Chef alimukaribisha ngoma ya mavuno, wakati muhindi imevunwa. Alisema ataona.

Mimi sina kintu. Nina mukeka, jembe, na mama. Ninaomba ruhusa ya kuja kumusalimia baba yako.

Bwalya


Kasomeno, tarehe 20 mwezi wa pili 1955

Kwa Bwalya, mugini kwa chef Mumba,

Barua yako imefika. Kweli sikujui, ingawa unaandika kama muntu moja mwenye nilikuwa najua. Karatasi yake tu ilikuwa na mafuta.

Baba anauliza kama unajua kulima, au unajua kushika jembe mbele ya bazungu tu. Anasema uje wakati muhindi mubichi iko, ulime naye, atakuangalia. Juu ya mbuzi, anataka kwanza ile yake irudi. Nilimuambia ni haki.

Mimi nina ulizo moja. Mbele niliolewa na shofere. Alikuwa muzuri, alinipenda, na nilimulilia kwa kweli. Lakini ukimuambia kintu, alikuwa hasikie.

Wewe unasikia?

Laurentine